Mijusi wa Kilele Ambacho Sikukipanda

Mwanangu Kabula,

Barua huanza na salamu, lakini wewe uko hapo jikoni, nakusikia unacheka na mama yako, na shikamoo yako nimekwisha kuiitikia tangu asubuhi. Salamu tuziache. Kesho unapanda treni kwenda Tabora kusomea uuguzi, na utafikia kwa mjomba wako Luhende. Habari za nguo, za kuchemsha maji, za kutotembea jua likishazama, mama yako amezisema mpaka mimi mwenyewe nimechoka kuzisikia. Michembe ya viazi vikavu amekufungia ya kuwatosha wauguzi wote wa hospitali ile pamoja na wagonjwa wao. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la mijusi.

Najua hapo umetabasamu. Hadithi ya Mjomba Luhende na mijusi umeisikia kwangu tangu ukiwa hujui kufunga kamba za viatu. Kwamba alifanya kazi kwa Mzungu aliyekuwa akikusanya mijusi upande wa Geita, akachanganya vikaratasi, mijusi wa chini akawaandika kuwa ni wa juu, akafukuzwa. Kila ulipoleta daftari lenye makosa nilikuambia, "Haya, endelea hivyo hivyo, utakuwa kama mjomba wako." Ulikuwa unacheka, na mimi nacheka. Siku moja ulirudi shuleni ukasema mwenyewe, "Baba, leo nimekuwa Mjomba Luhende," tukacheka tena wote wawili. Mama yako aliinuka akaenda kutazama ndama ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Kabula, mjomba wako hakuchanganya kitu. Uongo ule ulikuwa wangu. Nimekaa nao miaka kumi na zaidi, nikautumia hata kukulelea, na sasa unakwenda kulala nyumbani kwa mtu huyo ukiwa na hadithi yangu kichwani. Nimeona siwezi kukuacha uende hivyo.

Nianze mwanzo, maana wewe unaujua mwisho tu, tena mwisho wa uongo. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Pamba ya mwaka ule iliungua shambani, na hapa Mhunze kila kijana mwenye miguu alikuwa anazungumza habari za dhahabu. Mimi na Luhende tukatoka pamoja. Nilikuwa nimemwoa dada yake miaka michache tu nyuma, wewe ulikuwa bado unanyonya. Kwenye dhahabu hatukupata nafasi. Watu walikuwa wengi kuliko sururu. Tukiwa tunarudi tukakuta kambi ya Mzungu mmoja chini ya mlima, hema mbili na meza iliyojaa chupa. Alitaka watu wa kumkamatia mijusi. Wazinza wa pale walikataa katakata, walisema mtu mzima anayenunua mijusi lazima ana sababu ambayo hasemi. Sisi tulikuwa na njaa, tukakubali siku ile ile. Watu walimwita Bwana Mjusi, na mimi sitakuandikia jina lake jingine.

Luhende alikuwa amesoma misheni mpaka darasa la nne. Akapewa kitabu na penseli. Mimi sikujua hata kuandika jina langu. Nikapewa ufito wenye kitanzi kwenye ncha, kitanzi nilichokisuka mwenyewe kwa singa za mkia wa ng'ombe, kwa sababu uzi wa Bwana ulikuwa unameta juani na mijusi walikuwa wanauona. Hilo lilimfurahisha sana. Alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ameniletea akili ya kwao."

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa maana bila hiyo hutaelewa ubaya wa nilichofanya. Mlima ule chini ulikuwa na majabali makubwa yaliyopasuka pasuka. Katikati palikuwa na nyasi tupu, ndefu, za kufika kifuani. Juu kileleni palikuwa na msitu mdogo na ukungu, na baridi ya kukufanya uikumbuke nyumba ya mama yako. Mijusi walikuwa kote. Bwana alisema wote ni watu wa ukoo mmoja, ila kila kundi mwili wake umefuata mahali linapokaa. Wa majabalini walikuwa bapa, kichwa bapa, tumbo bapa, kana kwamba mtu amewakalia. Ukimkimbiza anaingia kwenye ufa ambao hata kisu hakiingii vizuri, anavuta pumzi na kujaza mbavu, na hapo hata umvute mkia utabaki na mkia. Miguu yake mirefu, vidole virefu vyenye kucha za kushika jiwe. Dume lake ana kichwa chekundu na mwili wa buluu, anakaa juu ya jiwe akipiga pushapu mbele ya majike bila aibu.

Wa kwenye nyasi alikuwa mwembamba, mrefu, miguu midogo ya kuchekesha. Yule hakimbii, anapita katikati ya majani kama maji. Na wale wachache tuliowapata juu siku Bwana alipotupeleka wote, walikuwa wanene, weusi weusi, wanaong'ang'ania magome ya miti. Asubuhi hawawezi hata kukimbia mpaka jua liwapate. Bwana alisema weusi ule unawasaidia kupata joto upesi. Nikamuuliza kama mjusi akihama atabadilika. Alicheka, akasema mjusi mwenyewe hatabadilika, lakini katika kundi wale wanaofaa mahali pale ndio watakaopona na kuzaa, na watoto wao vivyo hivyo, mpaka baada ya miaka mingi sana utaona watu wengine kabisa. Mimi nilikuwa nimedhani kila mjusi anajibana kwenye ufa mpaka anakuwa bapa yeye mwenyewe. Luhende alinitania kwa hilo mwezi mzima.

Nakuambia haya kwa sababu nyingine pia. Niliipenda kazi ile. Sijapata kukuambia, kwa kuwa ningekuambia ningelazimika kusema na mengine. Mpaka leo nifumbe macho, uniwekee mjusi kiganjani, nitakuambia ametoka kwenye jiwe, kwenye majani au kwenye mti. Jioni tukimaliza, Luhende alikuwa akichukua mkaa na kuniandikia herufi juu ya jabali, mimi naziiga chini yake. Hizi unazosoma sasa ni za kwake. Tazama hata g yangu, mkia wake mrefu bila sababu. Yeye ndivyo anavyoiandika.

Mwaka ule, kiangazi kikiwa katikati, Bwana akanituma peke yangu kileleni siku nne. Alitaka mijusi wa juu kumi na wawili, awapime miguu na vichwa, awalinganishe na wa chini. Jambo lote alilokuja kulitafuta lilikuwa hapo. Nami siku ile ile nilikuwa nimepata habari kwamba kuna ngoma za mashindano kwa Wasukuma wenzetu, mwendo wa siku moja. Wewe umeniona mimi mzee wa magoti mabovu. Zamani zile nilikuwa kiongozi wa wachezaji wetu, na upande wa pili walikuwa wameapa kwamba mwaka huu watatunyang'anya watazamaji wote uwanjani, maana anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ningemwambia Bwana, "Siku hizi nne nipe, nitapanda nikirudi," angekubali. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Lakini kwetu mkubwa akikutuma unasema ndiyo kwanza, kisha ndio unaanza kutafuta jinsi ya kukataa. Nikasema ndiyo. Nikashika njia ya mlimani mpaka kambi ilipopotea machoni, halafu nikakata kulia.

Tulishinda ngoma. Hilo sitakuficha, tulishinda vibaya sana, watu walitupigia vigelegele mpaka hatupumui. Niliporudi asubuhi ya siku ya nne, nilizunguka nyuma ya mlima mahali pasipoonekana kutoka kambini, nikakamata mijusi kumi na wawili wa majabalini kabla jua halijawa kali. Nikajipaka miguuni tope jekundu kama la njia ya juu. Tope lile linaniuma kuliko yote, Kabula, maana lilihitaji kufikiri.

Luhende alikuwa mezani. Kazi yake ilikuwa kunisikiliza, kuandika kwenye kikaratasi mahali mjusi alipokamatwa, na kumfunga mguuni kwa uzi. Akamtoa wa kwanza kwenye mfuko, akamgeuza tumbo juu. Akampitishia kidole tumboni.

"Shemeji, huyu ni bapa."

"Ndiyo."

"Juu kuna majabali?"

"Yapo."

"Siku tuliyopanda wote sikuyaona."

"Hukutazama."

Akaweka penseli chini. Akasema polepole, Wazinza waliokuwa wanachota maji wasisikie, "Sema tu, shemeji. Tutamwambia Bwana hukuwapata safari hii. Hatakula mtu."

Alinifungulia mlango, mwanangu. Nilichotakiwa ni kupita tu. Mimi nikapandisha sauti ili wale wachota maji wasikie. Nikasema, "Dada yako nimemtolea ng'ombe mbele ya wazee wenu, leo unaniita mwongo?" Unajua kwetu neno hilo lina uzito gani kati ya mashemeji. Aliichukua penseli tena. Aliinama, akaandika: kileleni, msituni. Vikaratasi kumi na viwili, na kila kimoja alikisoma kwa sauti kabla ya kukifunga, akingoja. Nilitazama pembeni mpaka akamaliza.

Bwana alifurahi kupita kiasi. Mijusi bapa kwenye kilele kisicho na majabali! Aliandika barua huko kwao, akapima na kupima tena, akanipa blanketi jekundu la kwake mwenyewe. Ndilo lile ulilolalia mpaka nondo wakalimaliza. Akasema kiangazi kijacho atamchukua Luhende kwenda naye pwani, kwenye nyumba kubwa wanamohifadhi wanyama wa kusomea, afundishwe kutunza vitabu vya pale. Mjomba wako alikuwa hasemi sana, lakini usiku ule niliona amevaa shati lake la kanisani kula ugali.

Kiangazi kilichofuata Bwana alirudi na Mzungu mwenzake, wakapanda wenyewe. Siku sita. Waliporudi walikuwa na mijusi weusi wanene tu, na Bwana uso wake ulikuwa umebadilika. Akatuita wote, akashika chupa yenye wale wangu.

"Nani aliandika hivi?"

"Mimi," akasema Luhende.

"Uliwaona wanakokamatwa?"

"Hapana, Bwana."

"Kwa nini uliandika?"

Hapo Luhende akanigeukia. Hakuninyoshea kidole, hakukunja uso. Alinitazama tu, akangoja. Palikuwa na siafu wanapita karibu na mguu wa meza, na mimi niliwatazama siafu. Naweza kukuambia mpaka leo walikuwa wanatoka wapi kwenda wapi. Bwana alingoja, Luhende alingoja, na mimi sikusema. Ndipo Bwana akasema mtu anayeandika asichokiona hawezi kukabidhiwa kitabu, afungashe aende. Mimi nilibaki na kazi yangu mpaka mwisho wa kiangazi, eti kwa kuwa sijui kusoma, basi vikaratasi vimechanganywa mezani na kosa haliwezi kuwa langu.

Nilimfuata njiani. Yeye alisema neno moja tu. "Nilikungoja, shemeji." Akaenda zake Tabora, na huko amekuwa seremala. Kitabu hajakishika tena.

Hakumwambia dada yake. Hilo ndilo sikulitegemea, na ndilo lililoniharibu zaidi, kwa sababu kunyamaza kwake kulinipa nafasi ya kusema ninachotaka. Niliporudi nyumbani mama yako akauliza kaka yake yuko wapi. Nikamwambia amechanganya karatasi, amefukuzwa, ameona haya kurudi. Nilikusudia kurekebisha baadaye. Baadaye ilikuwa wiki ijayo, kisha baada ya mavuno, kisha akazaliwa mdogo wako. Bibi yako alipofariki, Luhende alikuja, akazika, akakataa kula kwetu, akaondoka jioni ile ile. Mama yako alilia kwa ajili ya mama yake, halafu akalia kwa ajili ya kaka yake. Nikamwambia ni majivuno ya watu wa mjini. Nilimwambia hivyo akiwa ameniegemea.

Sikuandikii ili nikufundishe kusema kweli. Hilo unalijua kuliko mimi, na mwalimu mwenye historia yangu atakuwa kichekesho. Nataka tu ujue jinsi lilivyokuwa dogo. Mijusi kumi na wawili, asubuhi moja. Mimi sikuwa mtu mbaya asubuhi ile, nilikuwa mtu aliyechoka kwa ngoma na anayetaka kulala. Na kila mwaka ulioongezeka niliona kama nikisema sasa nitawaumiza watu bure, maana wamekwisha kuzoea. Ukisikia moyo wako unakuambia watu wamezoea, jua ni wewe uliyezoea.

Na lipo jingine, nalo linanitia hofu juu yako kuliko juu yangu. Huko hospitali utaandika. Utaandika joto la mgonjwa, dawa aliyopewa, saa aliyopewa. Siku moja mkubwa wako, au rafiki unayemheshimu, atakuambia andika kitu ambacho mikono yako na macho yako vinakikataa. Hapo hutakuwa mahali pangu, utakuwa mahali pa mjomba wako. Sijui nikuambie ufanye nini. Yeye alifanya kama alivyolelewa, alimheshimu shemeji yake, na heshima ile ikamla. Nimelifikiri sana na sijapata jibu zuri. Najua tu kwamba ningemheshimu zaidi kama angepiga meza.

Mama yako alipompelekea habari kwamba umepata nafasi, na kwamba hospitali haina vitanda vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijibu kwa mstari mmoja. "Aje. Chumba kipo." Mama yako ameusoma mstari huo mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Anadhani kaka yake amemsamehe kitu, wala hajui ni kitu gani. Bila chumba hicho huna pa kukaa, na bila pa kukaa nafasi yako atapewa mwingine. Nalijua hilo vizuri. Ni sababu nzuri sana ya kunyamaza, na nimeitumia kwa wiki tatu sasa.

Nilikuwa nimepanga nikupe barua hii kesho stesheni, dirishani, treni ikishaanza kusogea. Nilikuwa nimechagua hata maneno ya kusema wakati nakukabidhi. Nimefika hapa nikajiona: ungesoma peke yako katikati ya watu usiowajua, umekwisha kukatiwa tiketi, na mimi nimekwisha kugeuka kurudi nyumbani. Kwa hiyo nakupa sasa hivi, kabla hatujala. Soma hapa mbele yangu. Nitakuwa nimekaa, na siendi popote.

Ukiona bado unataka kwenda, nenda, lakini msomee mjomba wako barua hii kabla hujafungua sanduku, na kabla hujala chakula chake. Isome yote, hata hapa. Akikuambia urudi, rudi, usimwone mkatili. Hasara hiyo itakuwa imetoka kwangu, utanidai mimi. Akikuambia ukae, kaa, umpe heshima ambayo mimi nilimnyang'anya mbele yako, na usiniandikie alisema nini. Kama ana la kuniambia ataniambia mwenyewe.

Ukimaliza kusoma usiniambie kitu kwanza. Mwite mama yako, mpe kiti akae. Nitamwambia kwa mdomo wangu, na wewe ukiwepo hapa hapa. Usituache wawili, mwanangu. Nikibaki naye peke yangu, ninavyojijua, nitasema kesho.

Baba yako,
Maganga